Farasi wa Diani na Hesabu za Buruburu

Paliondokea familia moja Buruburu, Phase Four: mama na watoto wake wanne. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka yake yote ya kazi aliitumikia katika shule za Eastlands, hadi alipotimiza miaka 60 na tume ya walimu, TSC, ikampa barua ya kustaafu. Watoto wakakutana kuulizana watampa nini. Mmoja akataja kochi jipya, mwingine tangi la maji, maana mifereji ya Buruburu nayo ina siku zake. Kifungua mimba ndiye aliyekumbuka. Tangu wao wadogo, mama akipiga pasi sare za shule Jumapili usiku, alikuwa akisema kwamba siku atakayoweka chaki chini atapanda farasi kando ya bahari. Miaka yote hiyo walicheka naye. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ni ndoto inayoeleweka. Mtoto wa Eastlands anamjua punda tangu akiwa mgongoni mwa mamake: punda wa mikokoteni ya maji kule Kayole na Dandora, punda anayebeba vyuma chakavu Kariobangi, punda aliyesimama katikati ya barabara Njiru na matatu zinampigia honi bila yeye kugeuza hata sikio. Farasi ni mnyama wa upande wa pili wa jiji. Barabara ya Race Course, ile ya kuelekea Kariokor, imebaki na jina la uwanja wa mbio za farasi uliokuwa upande huu wa mji kabla ya mbio hizo kuhamia barabara ya Ngong mwaka 1954. Uwanja ulipohama, farasi nao wakahamia Ngong, Karen na Lang'ata, kwa watu wenye nafasi ya kujenga mazizi. Mwalimu wetu aliwajua farasi kwa kuwaona kwenye televisheni na katika vitabu vya hadithi alivyowasomea wanafunzi wa darasa la tano.

Basi watoto wakapanga kwa moyo mmoja, na yale waliyoyajua waliyapanga vizuri sana. Walichagua Pasaka ya mwaka 2023, Ijumaa Kuu ikiwa tarehe 7 Aprili, kwa kuwa ndiyo likizo pekee iliyowakuta wote wanne wana ruhusa. Walijua treni hujaa Pasaka, kwa hiyo tiketi za Madaraka Express walizikata mapema kwa *639#, daraja la kawaida, shilingi 1,000 kila mmoja kwa bei ya wakati ule. Mwana wa pili ana matatu ya namba 58. Yeye akaahidi kuwafikisha Syokimau kabla ya kupambazuka. Nyumba ya kukodi ikapatikana Ukunda. Nauli ya kutoka kituo cha treni cha Miritini hadi Likoni, feri, matatu ya kwenda Ukunda, chakula cha siku tatu, keki, vyote viliandikwa kwenye daftari la kifungua mimba, ambaye ni karani wa benki na hesabu zake hazina doa. Wakamwalika na kijana mpiga picha kutoka Umoja. Picha waliyoitaka walikuwa nayo tayari kwenye simu, ilipigwa nchi nyingine: farasi, mwanamke mwenye gauni jeupe, na jua jekundu likizama baharini.

Kazi ya kuwatafuta farasi wenyewe aliachiwa kitinda mimba, msichana wa chuo, kwa sababu ndiye mjuzi wa kutafuta vitu kwenye simu. Alipata namba ya mtu aliyejitangaza kuwa na farasi katika ufuo wa Diani. Akamuuliza mambo matatu: bei, idadi ya farasi, na kama Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni wangepatikana wanne. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu mezani. "Hakuna shida, sista. Tuma ya kushikia." Akatuma elfu nane kwa namba ya mtu binafsi. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile alilotajiwa, lakini aliona hilo ni jambo dogo.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Mwenye farasi wa kweli huwa na maswali mengi kuliko mteja. Atauliza ni nani anayepanda, ana umri gani, ana kilo ngapi, amewahi kupanda au ndiyo mara ya kwanza, ana maumivu ya mgongo au magoti, kuna mjamzito kati yenu. Kisha ataangalia maji ya siku hiyo ndipo akupe saa. Mtu asiyekuwa na swali hata moja, mara nyingi hana farasi. Ni dalali. Pesa yako ikishaingia ndipo anaanza kuwapigia simu vijana wa ufuoni kutafuta nani ana farasi wa kuazima siku hiyo. Si lazima awe mwizi. Huenda farasi wakaja kweli. Ila yeye hajui ni farasi yupi ana kidonda chini ya tandiko na yupi huogopa mawimbi, nawe umemkabidhi mgongo wa mamako.

Tena kuna bahari. Daftari la kifungua mimba lilikuwa na mstari wa kila kitu kuanzia chumvi hadi keki, lakini halikuwa na mstari wa maji. Simlaumu. Sisi tuliokulia Nairobi tunaichukulia bahari kama bwawa kubwa lililokaa mahali pake, ukienda saa yoyote utalikuta. Mvuvi hawezi kufikiri hivyo hata siku moja. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila kunapokucha. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti ya juu na chini katika bandari ya Kilindini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na mwendo wake ni mdogo.

Lenye faida zaidi kwa mtu anayepanga safari ni hili. Katika pwani ya Mombasa na Kwale, siku za bamvua maji hujaa pomoni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, alfajiri na jioni. Kupwa kwake huangukia kati ya saa nne na saa sita, mchana na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na kupwa ndiko kunakokuja alasiri na jioni. Kwa hiyo anayetaka kupanda farasi jioni huko Diani atafute nusu ya mwezi, na aliyepatwa na bamvua apande asubuhi maji yanapotoka. Ukiujua mwezi wa siku hiyo, saa ya farasi unaweza kuikadiria ukiwa umeketi sebuleni kwako Donholm, kisha ukaihakikisha kwenye jedwali la maji la Kilindini.

Sasa itazame Pasaka. Huhesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira ya Machi na Aprili. Mwaka 2023 mwezi ulipevuka Alhamisi tarehe 6 Aprili, siku moja tu kabla ya Ijumaa Kuu. Familia yetu ikashuka Miritini katikati ya bamvua, na siku za bamvua za miezi hiyo ni miongoni mwa zile kubwa za mwaka. Idd-ul-Fitr nayo hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo nayo huja na bamvua kila mwaka. Sikukuu mbili zinazotuteremsha pwani kwa wingi, moja daima na nyingine mara nyingi, huangukia siku ambazo maji ya jioni hufika kwenye kuta za hoteli. Kuna miaka Pasaka hukawia nyuma ya mwezi wake, kama mwaka 2025, ambapo mwezi ulipevuka tarehe 13 Aprili na Pasaka ikaja tarehe 20, maji yakiwa yameshakufa. Lakini huwezi kulijua hilo bila kutazama.

Na lile jua jekundu likizama baharini? Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Jua huzama nyuma ya minazi, upande wa Milima ya Shimba. Baharini linachomoza tu. Kijana wa Umoja aliyebeba kamera yake na miguu yake mitatu ya chuma aliligundua hilo Ijumaa jioni, akasimama ameipa bahari mgongo, anatazama jua likishuka juu ya paa la hoteli.

Jumamosi wakafika ufuoni saa kumi na moja. Mama alivaa dera jeupe aliloshonewa Gikomba, kajifunga leso mpya kiunoni, na miguuni malapa. Kitinda mimba alivaa vivyo hivyo, kwani walishona sare. Mchanga uliobaki ulikuwa mwembamba. Watu wazima watano wakisimama bega kwa bega wangeuziba, ukuta wa hoteli huku na povu kule. Mzee mmoja wa Kidigo alikuwa ameketi chini ya mnazi kando ya ngalawa yake, anashona wavu.

"Shikamoo, mzee," kifungua mimba akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mwangoja nini hapa?"

"Tunangoja farasi, mzee. Tunamsherehekea mama yetu."

Mzee akamtazama mama, akampa hongera, kisha akaelekeza kidole kwenye ngalawa. "Chombo changu nimekivuta mpaka hapa chini ya mnazi, mwakiona? Leo bamvua. Maji haya bado yaja. Kesho mkija saa nne mtakuta yashatoka, na mchanga mpana wa kuchezea mpira."

"Asante, mzee. Ila tumeshalipa, na kesho tuna treni."

"Haya, mwanangu. Mola awahifadhi."

Nalirudia jibu la kifungua mimba kichwani, tumeshalipa, kwa sababu ndilo lililomgharimu mdogo wake. Mtu wa mfuko mdogo akishalipa huona pesa ile inamvuta mbele, na kuighairi huona ni kuitupa. Elfu nane kwa familia ya mwalimu si pesa ya kuchezea. Lakini pale ufuoni pesa ilikuwa imeshatoka, wapande wasipande. Kilichokuwa bado mikononi mwao ni miili yao.

Farasi walikuja wawili badala ya wanne, wakiongozwa na vijana wawili waliokuwa wamefunga. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, imebaki saa moja na dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, na vijana walikuwa wametembeza watu tangu asubuhi bila tone la maji. Ningependa anayepanga safari yake mwezi huo alifikirie hili kwa huruma: jioni ya Ramadhani ni saa ya kumwacha mwenzio aende nyumbani kwake. Vijana hawa hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamechoka, na farasi wao wamechoka zaidi.

Kitinda mimba ndiye aliyekiona kidonda. Farasi wa kahawia, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, pale mshipi wa tandiko unapopita chini ya tumbo, alikuwa amechubuka mahali padogo pa kuenea kifuniko cha soda. Ukingo wa kidonda ulikuwa mwekundu, katikati majimaji, na nzi walikuwa wanaruka na kurudi kila farasi alipopumua. Kijana alipokaza mshipi, farasi alilaza masikio nyuma na kugeuza shingo kwa kasi kana kwamba anataka kuuma.

"Kaka, si hapa ameumia?"

"Ameshazoea huyo, sista. Panda tu."

Farasi akilaza masikio nyuma amesema. Amesema anaumwa, au amekasirika, au anaogopa, na yeyote kati ya hawa watatu si wa kupandwa na mgeni. Zaidi ya hapo ni suala la sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamkataza mtu kumfanyisha kazi mnyama aliyejeruhiwa au mgonjwa kiasi cha kutofaa kwa kazi hiyo. Chama cha kulinda wanyama, KSPCA, hupokea taarifa za namna hiyo, za farasi na za punda wetu wa Eastlands vilevile. Na hata pasipo sheria, mtu aliyekua akiona punda wa Dandora wakivuta madumu huku migongo imechunika anapaswa kuwa wa kwanza kusema hapana. Tumeyaona mengi mno mpaka macho yamezoea. Huyu msichana macho yake yalikuwa bado mazima. Aliona, akauliza, akajibiwa, akanyamaza kwa sababu hakutaka kuharibu siku ya mamake.

Akaamua apande yeye kwanza, ili mama apate moyo. Hakukuwa na kofia ngumu. Rikabu, kile chuma cha kuwekea mguu, kilikuwa kipana, na lapa likapenya hadi kisigino. Kijana akashika hatamu, wakaanza hatua kwa hatua kwenye ule ukanda wa mchanga. Mpiga picha akapiga, watu wakashangilia.

Wimbi lililowafikia halikuwa kubwa. Lilipita chini ya farasi na kuchota mchanga kwenye kwato zake, na wakati uleule upepo ukaifungua leso ya msichana na kuipiga ubavuni mwa farasi, juu ya kidonda. Farasi akaruka kando, akatafuta nchi kavu, akaukuta ukuta. Akageuka. Msichana aliteleza upande wa baharini, bega likatangulia chini, na mguu ukabaki kwenye rikabu kwa sababu lapa lilikuwa limekwama. Aliburutwa hatua chache. Kijana yule, mwenye njaa na kiu, hakuachia hatamu. Aliburutwa naye hadi akamsimamisha farasi. Nasema hivi ili haki yake isipotee. Bila mikono yake tungekuwa na hadithi nyingine.

Mama alifika kabla ya wanawe wa kiume. "Usiinuke, mami. Lala hivyo hivyo. Vidole unavisikia?" Walimu wa shule za msingi wameona mikono mingi iliyovunjika viwanjani. Akaichukua ileile leso, akaukunja mkono wa binti yake kifuani na kuufunga shingoni, barabara kabisa, huku maji yakimfika magotini. Wakamtoa kwa tuktuk hadi hospitali. Eksirei ikaonyesha mtulinga umevunjika upande wa kushoto. Usiku ule daftari la kifungua mimba liliongezwa kurasa: eksirei, dawa, nyumba ya kulala siku nyingine mbili, tiketi zilizopita na wao wako Ukunda. Hapakuwa na senti iliyotengwa kwa dharura. Mwana wa pili alichukua Fuliza, mwana wa tatu akakopa kwa rafiki. Namba ya dalali ikawa haipatikani.

Mtulinga huunga. Baada ya majuma kadhaa msichana alirudi chuoni na mkono wake. Aliyekawia kupona ni mama, ambaye alianza kusema kwamba yote yalitokana na tamaa yake ya uzeeni, na kwamba farasi ni wa watu wa Karen. Maneno hayo yaliwauma watoto kuliko deni. Yanauma hata kuyaandika. Mwanamke amefundisha watoto wa wenzake maisha yake yote, anataka jambo moja, likiharibika anajilaumu kwa kulitaka.

Kifungua mimba alikataa. Akafungua ukurasa mpya, na safari hii alianza na mwezi.

Kwanza waliwafuata farasi walio karibu. Kutoka Buruburu ni 58 hadi mjini, kisha 111 ya barabara ya Ngong; upande huo kuna shule za kupanda farasi ambako anayeanza hufundishwa uwanjani, ndani ya ua, kukiwa hakuna wimbi wala leso. Mama alijifunza mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajua kabla ya kupanda basi la pwani. Farasi hupandwa kutoka upande wake wa kushoto. Nyuma yake hapapitwi karibu. Kiatu kiwe kimefunika mguu na kiwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye rikabu. Suruali, wala si dera. Kitambaa chochote kinachopepea huachwa nyumbani. Kofia ngumu huvaliwa hata kama farasi anatembea tu, kwa kuwa kimo cha kuangukia ni kilekile. Alijifunza pia kwamba uzito una hesabu: kipimo kinachotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400 ana haki ya kubeba kilo 80, tandiko likiwemo. Mwana wa pili, dereva wa matatu aliyeshiba, alisikiliza hesabu hiyo bila kusema neno.

Mwalimu wa farasi aliwaeleza na jambo jingine, kwamba pwani si nchi rahisi kwa mnyama huyu. Milima ya Shimba, nyuma tu ya Diani, ina mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa uliowamaliza farasi na ng'ombe katika sehemu nyingi za Afrika. Joto nalo linawachosha upesi. Mtu anayefuga farasi vizuri huko ana gharama: dawa, maji mengi, kivuli, fundi wa kwato. Anayekupa farasi kwa bei ya chini kuliko wote amepunguza kimojawapo.

Kisha wakaanza kupiga simu. Mama alitaka sikukuu, siku inayofuata Krismasi, wajukuu wakiwepo. Kifungua mimba akampigia mtu wa kwanza. Hakuna shida, akaambiwa, saa yoyote. Akamshukuru na kukata. Wa pili vilevile. Wa tatu alianza kuuliza. Mama ana miaka mingapi? Magoti yake yakoje? Ameshapanda? Kilo ngapi? Wengine je? Akataka kujua kama wana bima au akiba ya matibabu. Halafu akasema tarehe 26 Desemba jioni hatatoa farasi kwa mtu yeyote, hata kwa bei ya mara mbili.

"Dada yangu, usiku wa kuamkia ishirini na saba mwezi ni mpevu. Saa kumi jioni maji yako ukutani. Njoo Jumatano ya tarehe 20, mwezi utakuwa nusu. Saa kumi na moja mchanga utakuwa wazi, na watu bado hawajajaa."

"Na pesa ya kushikia nafasi?"

"Usinitumie kwanza. Mkifika Ukunda njooni asubuhi zizini mwaone farasi, mwangalie migongo yao. Mkiridhika ndipo mlipe. Risiti nitawapa."

Kifungua mimba akaomba ruhusa ya kazini upya, akabadilisha siku, na wajukuu wakatolewa nyumbani mapema kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi ya tarehe 20 walisimama zizini. Tandiko likiwa limevuliwa, mama alipitisha kiganja mgongoni mwa farasi mmoja mwenye madoa meupe, taratibu, kutoka mabegani hadi kiunoni, kisha chini ya tumbo pale mshipi unapokaa. Manyoya yalikuwa mazima. Farasi alisimama, masikio mbele, akatafuna majani yake.

Jioni mama alipanda, kwa mwendo wa hatua, kijana ameshika kamba kichwani mwa farasi, na kitinda mimba akafuata nyuma juu ya farasi wa pili. Waliupita ule ukuta wa hoteli wakiwa mbali nao, kwenye mchanga mgumu. Mwenye farasi alimtazama mwana wa pili kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia kwa adabu kwamba hana farasi wa kumbeba. Mwana huyo akavua viatu, akauchukua mkoba wa mamake begani, na akatembea ubavuni mwa farasi njia yote.